Kidole Gumba Kinachouma Shinani: Ulinganisho wa Njia Nne za Upasuaji

Mtu ambaye kiungo cha shina la kidole gumba chake kimechakaa hafiki kwa daktari wa upasuaji siku ya kwanza. Huanza kwa kuhisi kitu kinamchoma chini ya kidole anapofungua kifuniko cha chupa, anapozungusha ufunguo wa kufuli au anapokamua blanketi. Baadaye kusonga ugali wa watu sita kunamshinda, kupukuchua mahindi anawaachia watoto, na usiku anaamka akiushika mkono wake. Anapofika hatimaye mbele ya daktari wa mifupa, akiwa ameshameza vidonge na kuchomwa sindano, hutajiwa njia mbili au tatu za upasuaji kwa dakika chache, kisha akaambiwa aende nyumbani afikirie. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya huyo anayefikiria, hasa aliye Kisumu, Kakamega, Siaya, Busia, Nandi au Nakuru, ambako uchaguzi wa namna hii huamuliwa na mambo ya theta pamoja na mambo ya shamba na barabara.

Kiungo kilichochakaa

Ni mahali ambapo mfupa wa kiganja unaobeba kidole gumba unakutana na mfupa mdogo wa kifundo cha mkono uitwao trapeziamu. Mifupa hiyo miwili imekaliana kama tandiko juu ya mgongo wa punda, na ndiyo maana kidole gumba kinaweza kwenda mbele, nyuma na pembeni, na kukikabili kila kidole kingine. Kiungo chenye uhuru wa kiasi hicho hushikiliwa zaidi na ligamenti, yaani nyuzi imara zinazofunga mfupa na mfupa, kuliko na umbo la mifupa yenyewe. Ligamenti zikilegea, mifupa huteleza pembeni, gegedu (tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa) husagika na hatimaye mfupa hugusana na mfupa. Mzigo wake nao ni mkubwa kuliko mtu anavyodhani. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1977 vilikadiria kwamba kubana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo 1 huleta mgandamizo wa takriban kilo 12 shinani mwa kidole gumba, na kwamba kushika kwa nguvu nyingi kunaweza kuufikisha mgandamizo huo kilo 120. Wanaougua zaidi ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ingawa wanaume hawajasazwa, hasa waliowahi kuvunjika mfupa mahali hapo.

Kabla ya kulinganisha chochote, hakikisha ugonjwa ni huo. Upande uleule wa mkono kuna ala ya kano (mfuko unaofunika kamba ya msuli) inayoweza kuvimba ikaleta maumivu yanayofanana sana na haya, na tiba yake ni nyingine kabisa. Neva ya katikati ya mkono inaweza kubanwa kwenye kifundo ikaleta ganzi ya vidole usiku. Tatizo hilo mara nyingi huandamana na kuchakaa kwa kidole gumba, na likigunduliwa mapema linaweza kurekebishwa katika upasuaji huohuo. Baridi yabisi ya rumatoidi, ambayo ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, inahitaji dawa zake na mpango wake. Vilevile, picha ya eksirei haitoshi kuamua. Wako watu ambao picha zao zinaonyesha kiungo kilichoharibika vibaya nao hawalalamiki, na wako wanaoteseka ilhali picha inaonyesha uharibifu mdogo. Daktari anayependekeza kisu kwa kuitazama picha tu, bila kuuliza ni kazi gani imekushinda, anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia zote kwa mambo matano: maumivu yanapungua kiasi gani, nguvu na mwendo wa kidole vinakuwaje baadaye, mkono unakaa muda gani bila kazi, ni nini kinachoweza kuharibika, na kikiharibika kuna njia gani ya kurudi, na mwisho, upatikanaji na gharama katika eneo letu. Wagonjwa wengi huanza na kigezo cha kwanza na kuishia hapo. Kwa maoni yangu hicho ndicho kisichotenganisha sana njia hizi, na yafaa uamuzi uegemee zaidi kigezo cha tatu na cha nne.

Njia zenyewe kwa ufupi

Njia ya kwanza ni kuuondoa mfupa wa trapeziamu na kuishia hapo. Daktari Gervis wa Uingereza aliieleza mwaka 1949, na hadi leo inafanywa kwa wingi. Mfupa ukishatoka, nafasi yake hujaa damu inayoganda na kugeuka kuwa tishu ya kovu, ambayo baadaye hukitenganisha kidole na mifupa ya kifundo. Madaktari wengine hupitisha waya mwembamba ili kukishikilia kidole kwa wiki nne hivi wakati kovu linajengeka, kisha huuchomoa.

Njia ya pili huanza kwa kuuondoa mfupa huohuo, lakini haiishii hapo. Sehemu ya kano moja ya kukunjia kifundo cha mkono hukatwa, ikapitishwa kwenye tundu lililotobolewa katika mfupa wa kidole gumba ili iwe ligamenti mpya, na kipande kinachobaki hukunjwa na kuwekwa kwenye nafasi iliyoachwa kama mto. Namna inayojulikana zaidi ilichapishwa na Burton na Pellegrini nchini Marekani mwaka 1986. Siku hizi baadhi ya madaktari hutumia nyuzi imara zenye vifungo vidogo vya chuma mahali pa kano, lengo likiwa lilelile la kukizuia kidole kisizame.

Njia ya tatu ni kukiunganisha kiungo. Nyuso mbili zilizochakaa hukwanguliwa, mifupa ikabanwa pamoja kwa bamba na skrubu au kwa pini, na baada ya wiki kadhaa inakuwa mfupa mmoja. Kiungo hakipo tena, na kwa sababu hiyo maumivu yake nayo hayapo.

Njia ya nne ni kiungo bandia. Shina la chuma huingizwa katika mfupa wa kidole, kikombe kidogo hupachikwa katika trapeziamu, na tufe huzunguka ndani ya kikombe. De la Caffinière wa Ufaransa alikuwa miongoni mwa walioanzisha viungo vya namna hii katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo na sambamba na hapo vilitumika vipande vya silikoni, ambavyo vilipata sifa mbaya kwa sababu chembe zilizotoka kwenye silikoni ziliwasha tishu na kula mfupa wa jirani. Viungo vya sasa vina tufe linalozunguka ndani ya tufe jingine, wazo lililotokana na viungo bandia vya nyonga vilivyobuniwa Ufaransa, na vimepunguza sana tatizo la kuteguka lililowaandama waliotangulia.

Kuna upasuaji mwingine ambao sitaulinganisha hapa kwa sababu unamhusu mgonjwa wa aina nyingine: kukaza ligamenti iliyolegea au kukata kipande cha mfupa na kuubadilisha mwelekeo ili mzigo uangukie sehemu nzima ya gegedu. Hiyo ni kwa mtu mwenye umri mdogo ambaye kiungo chake kimelegea lakini hakijaharibika. Ukiwa na miaka 35 na picha yako bado ni nzuri, mwulize daktari wako kuhusu hiyo kwanza.

Maumivu

Hapa njia zote zinakaribiana kuliko watetezi wake wanavyokiri. Huko Nottingham, Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulihusisha vidole gumba 183 vya wanawake, ukilinganisha kuondoa mfupa peke yake, kuondoa mfupa na kuweka mto wa kano, na kuondoa mfupa pamoja na kutengeneza ligamenti mpya. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana katika maumivu, kazi wala nguvu. Wagonjwa hao walipofuatiliwa tena miaka mitano na zaidi baadaye, tofauti haikuonekana bado. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio ya aina hii kutoka sehemu mbalimbali, nayo hayakupata njia moja iliyoizidi nyingine kwa kuondoa maumivu au kurudisha kazi ya mkono.

Kuunganisha kiungo huondoa maumivu vizuri iwapo mifupa itaungana; isipoungana, maumivu hubaki na huenda yakazidi. Kiungo bandia huleta nafuu mapema zaidi, tofauti ambayo huonekana katika miezi ya mwanzo na kupungua kadiri wenye njia nyingine wanavyozidi kupona.

Kutokana na hayo, anayeambiwa kwamba njia fulani ndiyo pekee itakayomtoa maumivu anaambiwa zaidi ya yaliyothibitishwa. Mimi huichukulia njia ya kwanza, iliyo nyepesi kuliko zote, kuwa ndiyo kipimo: njia nyingine yoyote inapaswa kueleza inaongeza nini kinachostahili hatari na gharama ya ziada.

Nguvu na mwendo

Mfupa ukiondolewa, kidole gumba hufupika kidogo na kushuka kuelekea kifundo. Mwendo hubaki mzuri: mgonjwa anaweza kulaza kiganja mezani na kukigusa kidole cha mwisho kwa ncha ya kidole gumba. Nguvu ya kubana huongezeka kuliko ilivyokuwa kabla ya upasuaji, kwa kuwa maumivu yaliyokuwa yakiizuia yametoka, ingawa kwa kawaida haifikii ya kidole gumba kisichowahi kuugua. Njia ya pili ilibuniwa ili kuzuia kushuka huko, lakini kukishikilia kidole juu kwenye picha hakujaonekana kuleta nguvu zaidi mkononi.

Kiungo kilichounganishwa ni imara. Mtu anayeshika nyundo, panga au spana siku nzima hupata shina lisiloteleza. Analipoteza jambo moja ambalo wengi hawalitambui mpaka limetoka: kiganja hakilali tena. Kuingiza mkono kwenye sufuria yenye mdomo mwembamba ili kuisugua, kuutia mfukoni, kuvaa glavu au kujisukuma kutoka sakafuni kwa kiganja kilichotandazwa kunakuwa kugumu. Kula kwa mkono kunaendelea, kwa sababu daktari hukiunganisha kidole katika pembe inayokiwezesha kukutana na kidole cha shahada, na viungo vya juu vya kidole gumba bado vinakunja; tonge la ugali litabonyezwa kama kawaida baada ya mazoezi kidogo. Lakini viungo hivyo vya jirani hubeba mzigo wa kile kilichofungwa, na baada ya miaka vinaweza navyo kuchakaa.

Kiungo bandia ndicho kinachokaribia zaidi hali ya asili. Urefu wa kidole unabaki, mwendo unabaki, nguvu ya kubana hurudi mapema. Kasoro yake haiko hapa bali katika vigezo vinavyofuata.

Muda wa mkono kukaa bila kazi

Kwa njia mbili za kwanza, hesabu wiki nne hadi sita za plasta au gango (kifaa kinachovaliwa ili kidole kisisogee), kisha mazoezi. Kazi nyepesi za nyumbani hurudi kati ya mwezi wa pili na wa tatu, na nguvu huendelea kuongezeka hata mwaka mzima. Watu wengi hukata tamaa karibu na mwezi wa tatu wakidhani upasuaji umeshindwa, kumbe wako katikati ya safari. Kuunganisha kiungo huchukua muda mrefu zaidi ndani ya plasta, mara nyingi wiki sita hadi nane au kupita, kwa kuwa plasta haitolewi kwa kalenda bali kwa picha inayoonyesha mfupa umeshikana. Sigara huuchelewesha sana mshikano huo. Kiungo bandia kina muda mfupi kuliko zote: gango la wiki moja hadi tatu, kazi nyepesi ndani ya wiki chache, na mizigo mizito baadaye kwa idhini ya daktari.

Tarakimu hizo ni rahisi kuziandika. Kwa familia nyingi za Magharibi mwa Kenya swali lenyewe ni nani atafanya kazi ya mkono huo. Ng'ombe wa Kapsabet hukamuliwa mara mbili kwa siku, na kukamua ni kubana kwa kidole gumba tangu mwanzo hadi mwisho. Mchumaji wa majani chai hulipwa kwa kilo alizochuma, hivyo wiki sita bila mkono ni wiki sita bila kipato. Mama anayeparua na kukata samaki ufuoni Dunga hawezi kuweka plasta ndani ya maji na damu ya samaki, wala kidonda kipya hakiruhusu. Mwendesha bodaboda aliyefanyiwa upasuaji mkono wa kulia hawezi kuzungusha mafuta kwa usalama mpaka plasta itoke na mshiko urudi. Fundi wa nguo sokoni Kibuye anaweza kuendelea kukanyaga cherehani, lakini mkasi hataushika.

Kwa hiyo panga tarehe kama unavyopanga msimu. Mkulima wa Kakamega au Vihiga anayevuna mahindi ya mvua ndefu kati ya Julai na Septemba atafanya vyema kusubiri ghala lijae kwanza. Wa Nakuru, ambaye mavuno yake huja mwishoni mwa mwaka, ana kalenda nyingine. Kama mikono yote miwili inauma, usikubali ifanyiwe upasuaji kwa pamoja, kwani hutaweza kujilisha, kujifunga kanga wala kujisafisha chooni. Anza na unaokusumbua zaidi, na uache miezi kadhaa kabla ya wa pili.

Mazoezi nayo ni sehemu ya tiba. Mgonjwa wa Bondo au Malava anayetakiwa kurudi kliniki ya viungo kila wiki atalipa nauli inayoweza kuzidi ada yenyewe, na matokeo yake wengi huacha. Zungumza mapema na mtaalamu wa tiba ya viungo akufundishe mazoezi ya kufanya nyumbani, akuonyeshe kwa mkono wako mwenyewe, na mpange ziara chache zenye maana. Njia inayohitaji uangalizi wa karibu kila wiki inaweza kuwa nzuri kwenye kitabu na isikufae kwa sababu ya umbali tu.

Hatari, na njia ya kurudi

Zipo hatari zinazozihusu njia zote. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu, hasa kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Tawi la neva linalopita juu ya mgongo wa kidole gumba linaweza kuvutwa au kuumizwa, likaacha ganzi au hisia ya kuungua. Wagonjwa wachache hupata hali ambapo mkono mzima unavimba, unakakamaa na kuuma kupita kiasi. Hali hiyo ikitambuliwa mapema hutibika vyema zaidi, na ndiyo sababu maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya wiki mbili hayapaswi kuvumiliwa kimyakimya.

Zilizobaki ni za kila njia peke yake. Kuondoa mfupa peke yake kuna hatari chache zaidi, kwa kuwa kazi iliyofanywa ni ndogo. Kuongeza ligamenti mpya huongeza kovu jingine, muda wa theta, na uwezekano wa kano iliyokatwa kuuma au kukatika. Mapitio ya Cochrane yalidokeza kwamba matatizo yalikuwa mengi zaidi kwa walioongezewa utaratibu huo. Kuunganisha kiungo kuna hatari ya mifupa kukataa kuungana, na ya bamba na skrubu kuwasumbua wagonjwa chini ya ngozi mpaka vitolewe. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014, uliowalinganisha wanawake waliounganishwa kiungo kwa bamba na walioondolewa mfupa pamoja na kutengenezewa ligamenti, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu matatizo yalizidi upande wa kuunganisha. Kiungo bandia kinaweza kulegea, kuteguka au kuchakaa; pia hakimfai kila mtu, kwa kuwa trapeziamu inapaswa kuwa na kimo cha kutosha kubeba kikombe, na kiungo kinachofuata, kati ya trapeziamu na mfupa ulio chini yake, kiwe hakijaharibika. Sharti hilo la mwisho linaihusu pia njia ya kuunganisha.

Sasa njia ya kurudi, jambo ambalo huulizwa mara chache mno. Aliyeunganishwa kiungo na kisiungane, au aliyewekewa kiungo bandia kikalegea, bado ana trapeziamu yake au sehemu yake: daktari anaweza kuvitoa vyuma na kuuondoa mfupa, yaani kumrudisha kwenye njia ya kwanza. Aliyekwisha kuondolewa mfupa hana pa kurudi kwa urahisi. Maumivu yakibaki, upasuaji wa marudio upo, lakini ni mgumu na matokeo yake hayatabiriki. Kwa mtu wa miaka 48 mwenye miongo ya kazi mbele yake, hoja hiyo ina uzito; kwa bibi wa miaka 72 haina uzito uleule, kwani mara nyingi upasuaji mmoja ndio atakaouhitaji kwa kidole hicho.

Upatikanaji na gharama

Upasuaji wa kuondoa trapeziamu hauhitaji kifaa kinachoagizwa kutoka nje. Unahitaji theta safi, dawa ya ganzi ya mkono mzima au nusukaputi, na daktari wa mifupa anayeijua anatomia ya mkono. Ndiyo maana ni njia ambayo ni rahisi zaidi kuizungumzia katika hospitali kubwa za umma za eneo hili, kama Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Russia, au Moi ya Eldoret. Kuunganisha kiungo kunahitaji bamba ndogo za mkono, si zile za mguu zilizopunguzwa. Kiungo bandia kinahitaji kifaa chenyewe, vyombo vyake maalumu na daktari aliyefunzwa kukiweka. Madaktari waliobobea katika mkono pekee ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, hivyo mgonjwa wa Magharibi ahesabu pia safari za kurudi kukaguliwa, kwa miaka.

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya ya taifa, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Kujisajili peke yake hakutoshi. Michango iwe imelipwa, na hospitali iombe idhini kabla ya siku ya upasuaji. Uliza kwa maandishi mambo matatu: kiasi gani kinalipwa na bima, kama bei ya bamba au kiungo bandia imo au ni juu yako, na kama mazoezi ya baadaye yanalipiwa. Swali la pili ndilo huwashtua watu mlangoni mwa kutokea.

Swali jingine la kumwuliza daktari ni hili: kati ya njia hizi, ipi anaifanya mara kwa mara? Akikupendekezea anayoizoea, hilo halina ubaya. Kuondoa mfupa kulikofanywa na mkono uliozoea kunaweza kukupa mema kuliko kiungo bandia cha tano katika maisha ya daktari.

Mwongozo kwa hali yako

Kama umevuka miaka 60, unafanya kazi za nyumbani na shamba dogo, na unachotaka ni kulala usiku na kushika mwiko bila kulia, kuondoa mfupa peke yake ndiko mahali pa kuanzia mazungumzo. Daktari akitaka kuongeza ligamenti mpya, mwulize ni nini katika kidole chako kinachomfanya aone inahitajika. Sababu nzuri zipo: kidole kilicholegea mno, kiungo cha juu kinachojipinda kwenda nyuma, au upasuaji wa awali ulioshindwa. Jibu la "ndivyo tunavyofanya" si sababu.

Kama wewe ni fundi wa chuma, mwashi au mkata miwa wa umri wa miaka 40 hivi, kiungo cha jirani kikiwa kizima, na nguvu ya kushika ndiyo mkate wako, kuunganisha kiungo kuna haki ya kufikiriwa kwa uzito, mradi huvuti sigara au uko tayari kuiacha kabla ya upasuaji, na una akiba ya kukutosha miezi mitatu. Jaribu kwanza kwa gango gumu linalokifunga kiungo hicho tu; lifunge na ufanye kazi zako zote nalo kwa siku kadhaa. Likikukera kuliko maumivu, umepata jibu.

Kama kazi yako ni ya ofisini, darasani au dukani, trapeziamu ina kimo cha kutosha, unahitaji kurudi kazini mapema, na unaweza kugharamia kifaa na safari za ukaguzi, kiungo bandia ni chaguo la haki. Ikiwa kila siku unabeba magunia au unalima kwa jembe, jadili kwa makini hatari ya kulegea kabla ya kusaini.

Kama una rumatoidi, usilichague lolote kati ya haya kabla ya daktari wa rumatoidi na wa upasuaji kuzungumza, kwani ligamenti, mifupa na dawa zako hubadilisha hesabu nzima.

Na kama bado hujavaa gango kwa wiki kadhaa mfululizo, hujafundishwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya kidole gumba, hujabadilisha namna unavyofungua mitungi na kukamua nguo, wala hujajaribu sindano ya steroidi panapofaa, basi hujafika kwenye ulinganisho huu. Chukua rufaa ya tiba ya viungo, jipe miezi mitatu hadi sita, uandike ni kazi zipi zinakushinda bado, kisha urudi kwa daktari na orodha hiyo.